Zege Halilali, Lakini Linakunywa Maji

Msemo huu kila mtu wa Dar anaujua. Kijana akichelewa kupeleka posa, wajomba zake wanamwambia zege halilali. Mtu anayekudai akisikia mshahara wako umeingia leo, anakupigia jioni hiyohiyo: kaka, zege halilali. Kwenye vikao vya harusi mwenyekiti akitaka ahadi zilipwe usiku uleule anatamka maneno hayo mawili, watu wanacheka, wanatoa simu, wanatuma.

Na mimi nimeutumia sana. Ila siku hizi nikiusikia nakaa kimya kidogo, na leo nataka kueleza kwa nini. Naona sehemu kubwa ya historia ya jiji hili, hasa huku kwetu Mbagala, imo ndani ya msemo huo na ndani ya kosa tunalolifanya tunapoutumia.

Maana yake ya kwanza ni ya kazi. Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Maji yakishaigusa saruji, saa imeanza kuhesabu. Kwa jua letu, likikaa masaa mawili hivi limeanza kushika, na fundi mjanja ataliongezea maji lilainike, jambo ambalo linaliharibu kabisa. Kwa hiyo lililochanganywa leo limwagwe leo, hata giza likiingia, hata vibarua wakichoka. Hapo msemo ni wa kweli, hauna ubishi.

Sasa nije nyumbani.

Baba alinunua kiwanja Charambe mwaka 1986, wakati huko bado ni mikorosho na njia za miguu. Alikuwa anafanya kazi kiwandani Chang'ombe, na nyumba aliijenga kama wanavyojenga wengi: msingi mwaka huu, kozi tatu za tofali mwaka kesho, halafu ada za shule, halafu msiba, halafu tena tofali. Mwezi Februari 1993 akafikia alichokuwa anakiota, fremu ya duka mbele ya nyumba yenye slabu juu yake. Mita nne kwa tatu tu. Kwa mtaa wetu wa wakati ule, ilikuwa habari.

Fundi alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje, mwembamba, si msemaji. Nondo alizisuka mwenyewe siku mbili. Lori la kokoto lilitakiwa kufika alfajiri, likafika saa tano. Vibarua wanane walikuwa wameshakunywa chai ya mama na kuanza kulala kivulini. Fundi akamwambia baba, "Mzee, jua hili siyo lenyewe. Tuache mpaka kesho alfajiri."

Baba alikuwa na sababu zake. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, na ukishaingia vibarua wa kazi nzito huwapati. Hela ya kuwaita tena kesho hakuwa nayo. Akasema, "Fundi, zege halilali."

Fundi akamtazama. "Halilali likishalowa, mzee. Hilo bado liko kwenye mifuko."

Vibarua wakacheka. Baba hakucheka. Kazi ikaanza saa sita kasoro, ikaisha saa tisa, mifuko kumi, makarai yakipita mkono kwa mkono huku saruji ikikauka kwenye vidole. Kabla ya kuondoka fundi alimwachia mama maagizo: funika kwa magunia, mwagilia asubuhi, mchana na jioni, siku saba.

Bomba hatukuwa nalo. Maji yalikuja kwa mkokoteni, dumu la lita ishirini, na muuzaji alikuja siku anayotaka yeye. Siku ya kwanza mama alimwaga madumu matatu. Siku ya pili mkokoteni haukutokea. Siku ya tatu yakaja madumu mawili, na mama akamuuliza baba swali ambalo sijalisahau: "Tunywe sisi au tulinyweshe zege?" Kuanzia hapo slabu ilipata maji ya kufulia, tena si kila siku.

Wiki haikuisha, nyufa nyembamba kama nywele zikaonekana. Mmoja ukakua, ukatoka kwenye kona mpaka katikati. Baba akamlaumu fundi na kumzuilia nusu ya ufundi wake. Fundi alikuja kudai mara mbili. Mara ya pili alisimama mlangoni, akautazama ule ufa kwa muda, akaondoka bila kusema kitu. Nilikuwa na miaka kumi. Niliamini tumetapeliwa.

Miaka kumi na sita ikapita. Aprili 29, 2009, siku ya Jumatano, ghala la silaha la jeshi pale Mbagala Kuu likalipuka. Mimi nilikuwa mjini, Posta, na hata huko madirisha yalitetemeka. Watu zaidi ya ishirini walikufa, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikapasuka au kubomoka. Wazazi wangu walinusurika. Baadaye wathamini walipita nyumba kwa nyumba kuandika madhara kwa ajili ya fidia. Kwetu waliandika madirisha, dari, ukuta wa chumba cha nyuma. Kijana mwenye karatasi akainua macho kwenye fremu ya duka, akauona ufa, ambao kweli ulikuwa umepanuka. Akauliza, "Huu nao wa bomu, mzee?"

Angesema ndiyo nani angejua? Baba akajibu, "Hapana. Huo ni wangu. Wa tangu tisini na tatu."

Usiku ule ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema kwamba fundi alimkataza. Mwaka uliofuata akanipa bahasha na kunituma Kilwa.

Sisi watu wa Mbagala tunaitaja Barabara ya Kilwa kila siku bila kukumbuka kwamba inakwenda Kilwa kweli. Nilipandia basi Rangi Tatu. Tukapita Mkuranga, Kibiti, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na baada ya hapo tukala vumbi kutoka Ndundu hadi Somanga, maana kipande kile kilikuwa bado hakijapata lami. Fundi nilimkuta Kivinje, mzee sasa, anashona jamvi barazani. Nikajitambulisha. Akahesabu hela polepole, akasema zimezidi. Nikamwambia baba amesema ni deni pamoja na muda wake. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe deni linalala, eh?"

Tukazungumza mpaka alasiri. Alinieleza kwamba utotoni mwake aliwaona wazee wakichoma chokaa: mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya lundo la magogo, moto unawaka, mawe yanageuka meupe na mepesi. Halafu yanamwagiwa maji na kufukiwa shimoni, na hapo watu wanakwenda kufanya mambo mengine, miezi. "Chokaa ya kwetu ilikuwa inalala," alisema. "Tena ukiiamsha mapema inakugomea."

Kesho yake nilikwenda Masoko nikapanda mashua kuvuka Kilwa Kisiwani. Sitaki kujifanya mtaalamu wa magofu, lakini mtoto wa Mbagala aliyekulia chini ya slabu yenye ufa lazima ashangae. Msikiti Mkuu ulianzishwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14. Una kuba na matao, na vyote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hakuna nondo hata moja. Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina birika la pembe nane ambalo ukiliangalia unaona kabisa fundi wake alijua maji yanataka nini. Mwaka 1981 UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliandika kwamba nyumba za mji ule zilikuwa za miti, kwa hiyo hata enzi hizo jiwe halikuwa la kila mtu. Hilo nalo tulikumbuke kabla ya kuanza kulia kwamba zamani kulikuwa kuzuri.

Lugha yetu inazikumbuka kazi zile kuliko sisi. Neno sakafu, ambalo leo ni pale unapokanyaga, zamani lilikuwa pia dari la juu la nyumba ya mawe, na kamusi za zamani zina kitenzi kabisa, kusakifu: kutandaza mawe madogo na chokaa juu ya boriti, kisha kuyapiga kwa vijiti. Zanzibar na Lamu kazi hiyo ilichukua siku kadhaa na ilikwenda na nyimbo, wapigaji wamejipanga mstari, kwa sababu safu ile ilitakiwa ipigwe huku inashika taratibu. Boriti zenyewe zilikuwa mikoko, mingi ikitoka delta ya Rufiji, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba. Na saruji? Neno hili halikuja na Mwingereza. Ni sarooj ya Waajemi na Waomani, udongo wa kuchoma uliochanganywa na chokaa, ambao kule Omani ulijenga ngome na mifereji ya maji. Mwingereza alituletea simenti. Sisi tukaipa jina la ndugu yake wa zamani, na hatukukosea.

Hatukukosea kwa sababu jiwe ni lilelile. Simenti ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds aliipatia hataza mwaka 1824, ni chokaa na udongo uliookwa kwa joto kali sana. Kiwanda cha kwanza cha saruji nchini mwetu kilianza uzalishaji mwaka 1966 pale Wazo Hill, kaskazini mwa Dar, na kikakaa pale kwa sababu kilima chenyewe ni mawe ya chokaa ya matumbawe, bahari ya kale iliyoinuka. Yaani mzee wa Kilwa na mashine ya Wazo wanachoma kitu kimoja. Tofauti ni joto, kama nyuzi 900 kwa chokaa na karibu 1,450 kwa simenti, na tofauti nyingine ni muda. Chokaa inashika kwa miezi. Simenti inashika kabla hujamaliza chai.

Na watu wakaipenda, bana. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na kazi yake ya mwanzo mjini Dar ilikuwa kuvunja nyumba za miti na udongo na kusimamisha za tofali za saruji. Mwananchi alipata somo bila kwenda darasani: nyumba ya udongo ni kitu cha kuvunjwa, nyumba ya saruji ni nyumba. Kisha mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere akalalamika. Watu, alisema, wanayakataa matofali ya kuchoma na vigae wanavyoweza kutengeneza wenyewe, wanakaa kusubiri mabati na saruji, ambayo aliiita udongo wa Ulaya. Aliuona ugonjwa huo kama kupooza kwa fikra.

Baba aliyasikia maneno yale redioni akiwa kijana. Anasema waliyazungumza kiwandani siku nzima, na wengi walikubali kwamba Mwalimu kasema kweli, halafu wakaendelea kusubiri saruji.

Nimelifikiria sana jambo hili na sidhani kwamba walikuwa wamepooza. Kwa Iringa au Mbeya, tofali la kuchoma ni akili: udongo wa mfinyanzi upo. Ardhi ya Mbagala ni mchanga mtupu. Ukichimba choo kinatoka mchanga, ukichimba msingi ni mchanga. Kitu pekee ambacho ardhi ile inaweza kutengeneza ni tofali la saruji, kwa sababu nusu ya kazi, huo mchanga, tayari unaukanyaga. Nyumba ya fito na udongo nayo ilidai matengenezo kila baada ya masika, na mwenye mshahara mdogo mwenye watoto saba huo muda wa kukandika hana. Kwa hiyo walisubiri. Walisubiri katika miaka ile ya baada ya vita vya Kagera, nchi haina fedha za kigeni, saruji inapatikana kwa kibali na kwa kujuana. Walisubiri mpaka enzi ya ruksa ya Mzee Mwinyi, mifuko ikaanza kuonekana madukani tena. Baba alinunua kiwanja mwaka mmoja baada ya Mwinyi kuingia Ikulu. Sidhani kama ni bahati nasibu.

Ndiyo maana simlaumu sana kwa ile Jumamosi ya 1993. Mtu aliyesubiri saruji tangu ujana wake, leo imekuja, iko kwenye mifuko kumi mbele ya nyumba yake, utamwambiaje asubiri tena hadi kesho?

Lakini zege haliangalii historia ya mtu. Wengi tunadhani zege linakauka kama nguo kwenye kamba. Siyo. Linakomaa kwa kunywa maji. Saruji na maji vinaungana, vinaota kitu kigumu katikati ya mchanga na kokoto, na kazi hiyo inaendelea kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wahandisi hupima nguvu yake siku ya 28. Jua la Februari, nyuzi 32 na upepo wa kusi haupo, likiyanyonya maji kabla ya wakati, kazi inasimama njiani. Juu panasinyaa kabla ya chini, panapasuka. Kwa nje unaona slabu, ndani kuna kitu nusu. Ndiyo maana kwenye nchi za joto zege humwagwa alfajiri au jioni, kokoto hupozwa kwa maji, na likishamwagwa hufunikwa na kunyweshwa wiki nzima angalau. Fundi wa Kivinje aliyajua yote hayo bila kwenda chuo.

Na hapa ndipo umaskini unapoingia kwenye nondo. Pita leo barabara ya kwenda Chamazi uwaone vijana wa tofali. Mmoja, jirani yangu, aliniambia bila kuficha: mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 30 za inchi sita ni kazi ya heshima, lakini mteja anataka bei ya tofali 50, basi anapewa tofali 50. Na kumwagilia? "Maji nanunua, kaka. Mteja hayaoni." Kweli hayaoni. Maji ya kunyweshea ndiyo kiungo pekee ambacho hakibaki kwenye nyumba kwa macho, kwa hiyo ndicho cha kwanza kukatwa.

Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, watu 36 wakafa. Novemba 16, 2024 likaanguka jengo Kariakoo, na tukakesha tena tukiwasikiliza watu walio chini ya kifusi. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, na sisemi kwamba haya yaliangushwa na kiu. Nasema tu kwamba kila mara nikisikia habari hizo namkumbuka fundi amesimama mlangoni kwetu, anautazama ufa, hasemi kitu.

Kuna siku niliona wivu wa ajabu. Ilikuwa wakati wa ujenzi wa mwendokasi awamu ya pili, njia ya kutoka mjini mpaka Mbagala, ule uliochukua miaka kuanzia 2019. Njia za mabasi yale ni za zege, siyo lami. Nilikuwa kwenye daladala, foleni imesimama, nikaona kipande kipya cha barabara kimefunikwa vizuri kama mgonjwa, na kijana mwenye mpira wa maji anakinywesha taratibu. Saa nane mchana, jua kali. Barabara ilikuwa inakunywa maji kuliko mtaa mzima wa kwetu mwaka 1993. Mama mmoja karibu yangu, ndoo tupu mapajani, akasema, "Hayo maji si bora watupe sisi." Sikumjibu, kwa sababu alikuwa anarudia swali la mama yangu.

Mwaka jana tuliivunja ile slabu. Mdogo wangu anataka kupanua duka. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji tulinunua simtanki la lita 2,000, tukalijaza, tukalifunga kwa kufuli. Baba, ambaye sasa anatembelea fimbo, alitolewa kiti nje akaangalie. Lori la kokoto lilitakiwa kufika saa kumi na mbili asubuhi. Mambo ya Dar, likafika saa tano.

Fundi ni kijana, mwepesi, anavaa kofia ya timu. Akaangalia jua, akaangalia vibarua, akamwambia mdogo wangu, "Bosi, tupige tu. Zege halilali."

Baba akainua fimbo kidogo. "Mifuko mmeshaifungua?"

"Bado, mzee."

"Basi nendeni mkanywe chai. Mje kesho alfajiri."

Vibarua tuliwalipa nusu siku.